Kutoka Kichuguu Hadi Mti wa Mbega

Marehemu baba alikuwa karani katika yadi ya mbao mjini Eldoret, na maisha yake yote hakuandika kitu kilichotuponza kama mkataba wa shamba letu. Aliuandika mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri wa kikarani, kwenye karatasi aliyoichana kutoka daftari langu la Biolojia. Shamba lilikuwa nje ya mji, upande wa Kesses, nusu ekari tu. Aliyemuuzia alikuwa mzee mmoja wa huko, rafiki yake wa kanisani. Mkataba ulisema hivi: mpaka unaanzia kwenye kichuguu kikubwa na kwenda moja kwa moja hadi mti wa mbega, na upana ni kutoka njia hadi mtaro. Basi. Mzee akaweka kidole chake, mama akaweka kidole kama shahidi, baba akatia sahihi yenye mikia mitatu.

Najua mtu wa mjini atasema nini. Mpaka wa shamba huwekwa mawe, na mpima ardhi huja na vyombo vyake. Lakini sisi tumetoka magharibi, na kwetu kichuguu si lundo la udongo. Kichuguu kina mwenyewe. Mtu hurithi kichuguu kwa baba yake kama anavyorithi ng'ombe, na anaweza kuuza shamba lote akabaki na kichuguu kilicho katikati, na mnunuzi asinung'unike. Kwa hivyo baba alipokiona kile cha Kesses hakuona haja ya jiwe. Upande wa pili, ukingoni mwa kipande cha msitu, palikuwa na mkuyu ambao mbega walikaa tangu yule mzee akiwa mtoto. Baba akafunga shamba lake kwa mdudu upande huu na kwa nyani upande ule, akarudi nyumbani akipiga mluzi.

Mimi nilimcheka. Nilikuwa kidato cha nne, mwaka ule wa uchaguzi wa 2007, na nilijiona profesa. Mwalimu wetu wa Biolojia alikuwa ametupa swali la kufanyia mazoezi: linganisha mdudu mmoja na mnyama mmoja wa jamii ya nyani, kwa uainishaji, makazi na uhifadhi. Wenzangu wakachagua kipepeo na sokwe, wanyama wa kwenye picha. Mimi nikachagua mchwa na mbega, kwa sababu nilikuwa nao wote wawili kwenye karatasi ya baba. Niliandika kwamba wote ni wanyama, na kutoka hapo kila mmoja anashika njia yake: mchwa ana miguu sita na mifupa yake iko nje, mbega ananyonyesha na ana mgongo. Mchwa hukaa chini ya ardhi, mbega hukaa juu na hashuki ila kwa shida. Halafu kuna jambo ambalo lilinifurahisha sana: mbega hana kidole gumba. Ana kijinundu tu mahali pake.

Nikamwambia baba, "Mzee, huyu shahidi wako wa upande wa msitu hawezi hata kuweka kidole."

Baba hakuinua macho kutoka kwa chai yake. "Na wewe uliye navyo vyote kumi, umewahi kushika jembe?"

Sikuwa nimewahi. Tulihama kutoka chumba cha kupanga mtaa wa Huruma tukajenga nyumba ya udongo ya vyumba viwili kwenye lile shamba, na mimi nilikijua chumba changu vizuri sana, na dirisha lake, na kitanda. Mama alikuwa akisema kwamba nikizaliwa tena nitazaliwa mchwa mfanyakazi: hana mbawa, haoni mbali, na jua likimgusa anakimbilia ndani. Nilikuwa nimemsomea hayo mwenyewe kutoka kitabuni. Usimsomee mama yako vitabu.

Kichuguu kilikuwa chake yeye. Mvua za Aprili zilipoanza, alikuwa akikijengea kibanda kidogo cha fito, anakifunika kwa blanketi, anachimba kishimo pembeni na kutega sufuria. Kisha anaketi na vijiti viwili na kupiga ubao taratibu, kama matone ya mvua yanayoongezeka. Mchwa walioko chini husikia mvua, na wale wenye mbawa, kumbikumbi, hutoka wakitafuta anga na kuangukia sufuriani. Mke wa yule mzee aliyetuuzia alikuwa akivuka mtaro kuja kumtazama, anapewa sahani yake, na wawili hao wanacheka mpaka jioni. Kwa hivyo asije mtu kuniambia kwamba hatukujuana.

Walikuja mchana, wiki ya kwanza ya Januari, matokeo ya kura yalipokwisha kuwasha vita. Nasema mchana kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisimulia kana kwamba yalikuwa mambo ya gizani, ya watu wasiojulikana. Jua lilikuwa linawaka. Niliwaona kupitia lile dirisha langu, na wengine niliwajua kwa mavazi yao ya kanisani.

Walisimama uani wakabishana sisi ni kitu gani. Nilikuwa nyuma ya mlango na mama, ameushika mkono wangu kama mtoto wa chekechea, na nilisikia kila neno. Mmoja alisema, "Hawa ni wa magharibi. Tulipiga kura pamoja na hao." Mwingine akasema ni kweli, lakini baba anafanya kazi na wale wa upande wa pili wa kura. Wa tatu akauliza tunaongea lugha gani nyumbani. Nilikuwa nimemaliza mtihani wa Biolojia miezi miwili tu iliyopita, na hapo ndipo nilipoelewa uainishaji ni nini. Ni watu wamesimama nje ya mlango wako wakiamua.

Aliyeamua ni mtoto wa kwanza wa yule mzee. Mzee mwenyewe alikuwa mgonjwa kitandani, ng'ambo ya mtaro. Mwanawe akasema, "Kura ni kura na shamba ni shamba. Hii ni shamba yetu. Watoke."

Kwa hivyo msinielezee kuhusu siasa. Wasomi wameandika vitabu vizito juu ya siasa za mwaka ule, na pengine kwa wengine ilikuwa siasa. Kwetu ilikuwa mtu mmoja ambaye baba yake aliuza shamba, naye hakupenda.

Tulipewa muda wa kutoka. Baba alitoka na nguo za kazini, mama akatoka na ule mkataba ameufunga kwenye pindo la leso, na mimi nilitoka na mto wa kulalia. Wengine waliokoa vyeti, wengine waliokoa cherehani. Nyumba ikaanza kuwaka nyuma yetu, nami nimekumbatia mto.

Tulikaa katika uwanja wa maonyesho pamoja na maelfu ya watu, na huko tukaainishwa tena, safari hii kwa fomu. Baba alipopata chumba cha kupanga Huruma akatutoa kambini kabla ya mvua, maana kifua cha mama kilikuwa kimeanza kukoroma. Msaada ulipokuja kugawanywa, tuliambiwa kwamba sisi si wakimbizi tena. Tumejumuika na jamii. Karani mmoja kijana alimwambia baba hivyo huku akitabasamu, kana kwamba anampongeza. Baba, karani mwenzake, akamwuliza, "Nimejumuika na jamii gani?" Yule kijana akageuza ukurasa.

Matokeo ya mtihani yalinikuta huko. Nilipata C ya Biolojia, na hiyo ndiyo elimu yangu kubwa mpaka leo. Miaka mingi baadaye, mtoto wa jirani aliniletea kitabu chake nimsaidie, nikakuta kwamba wataalamu wamewatoa mchwa katika oda yao, yaani kundi lao la kisayansi, na kuwaweka chini ya mende. Mimi nilikariri kwamba mchwa wana oda yao peke yao. Wamehamishwa bila kusogea hata inchi moja. Nilikasirika mpaka yule mtoto akachukua kitabu chake akaenda kumwuliza mtu mwingine.

Baba alifariki mwaka wa tatu tukiwa Huruma. Daktari alisema ni shinikizo la damu. Yule mzee wa Kesses naye alikuwa ameshafariki. Mimi nikawa fundi wa redio na pasi za umeme, kazi niliyoichagua kwa sababu wateja hukuletea mlangoni. Shamba hatukulitaja. Nilidhani mama amesahau, na naona aibu kusema kwamba jambo hilo lilinipa nafuu.

Kumbe alikuwa akipita huko. Kina mama wa kanisa walikuwa na mazishi upande ule, na kila akienda alikuwa akiomba washuke kidogo barabarani ili anyooshe miguu. Jioni moja akaniambia, huku anachambua mboga, kwamba mti wa mbega upo. Si upo tu: umewekewa kibao. Kuna watu wa mazingira walikuja wakauzungushia waya, wakaandika kwamba mti huu ni makazi ya mbega na usiguswe. Waliwahesabu mbega mmoja mmoja, hata vichanga.

"Na kichuguu?" nikauliza.

"Mtoto wa mzee alikisawazisha. Udongo wake alifyatulia matofali. Kila mwaka analima juu yake na trekta."

Nikaweka chini pasi niliyokuwa nafungua. Mbega ana sheria ya nchi. Ukimwua, au ukiuza ngozi yake, utakiona cha mtema kuni, na mimi sina ugomvi na hilo. Mbega hajamchomea mtu nyumba. Mchwa hana sheria yoyote, ni mdudu, wako wengi. Hiyo ndiyo sehemu ya tatu ya lile swali, uhifadhi, na kwenye mtihani ungepata alama zote. Lakini kwenye karatasi hiyo hiyo ya baba, kati ya mdudu na nyani, palikuwa na familia ya watu watatu, na hakuna aliyekuja kuuliza sisi tunahifadhiwa na nani. Mahali nyumba yetu ilipoungua hapana hata kibao.

"Anataka kumpa tajiri mmoja wa Elgon View ajenge vyumba vya wanafunzi," mama akasema. "Shamba lote, mpaka kwa mti. Akishajenga, baba, hatutarudi tena."

Mama huniita baba, kwa kuwa nilipewa jina la baba yake. Akiniita hivyo huku anachambua mboga, najua ameshaamua.

Alikwenda kwa naibu wa chifu mara nne. Mara ya tano akapewa siku, mwezi wa Aprili, wote wakutane shambani na kila mtu aje na ushahidi wake. Asubuhi hiyo nikamkuta mlangoni na fito, blanketi kuukuu, ubao, vijiti viwili na dumu la maji.

"Mama, tunaenda kwa kesi ama tunaenda pikiniki?"

"Wewe beba sufuria."

Tuliwakuta wamesimama njiani: naibu wa chifu na kofia yake, wazee watano, majirani ishirini hivi, na yule mtoto wa mzee, sasa ni mtu mzima mwenye kitambi na buti nzuri. Mama yake, yule bibi wa mzee, alikuwa ameletewa kigoda na ameketi akiegemea fimbo. Shamba lote lilikuwa mahindi machanga, hayajafika gotini, yamenyooka mistari mpaka kwenye mkuyu. Juu ya mkuyu mbega walikuwa wamekaa na manyoya yao meupe yakining'inia kama mashela, wakitutazama.

Naibu wa chifu akausoma mkataba kwa sauti. Akaangalia mti, akatikisa kichwa. Akaangalia upande wa pili.

"Mti nimeona. Sasa Mama, hii karatasi inasema kichuguu. Kichuguu iko wapi?"

"Iko," mama akasema.

Yule mtoto wa mzee akacheka. "Kichuguu gani? Mimi nimezaliwa hapa. Sijawahi kuona kichuguu."

Nilitaka kusema kitu. Nilikuwa nimekiandaa usiku kucha kitandani, maneno makali yenye mpangilio, lakini mama hakuningoja. Alivua viatu vyake vya mpira, akaingia katikati ya mahindi pekupeku, akitembea polepole na kusimama, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Mahali fulani akainama, akachukua udongo, akaunusa. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri usiku ule. Akapiga magoti, akasimika fito zake, akatandika blanketi juu, akachimba kishimo, akaweka sufuria, akamwagia maji pembeni. Kisha akaketi na kuanza kupiga.

Kwa muda mrefu hakukutokea lolote. Wazee walikwenda kivulini. Kijana mmoja akauliza kama hiyo ndiyo muziki ya kortini. Mtu akasema, "Mama, wadudu walihama. Hata wao wako Huruma siku hizi," na watu wakacheka sana, na mwenye buti akacheka zaidi ya wote.

Niliona aibu. Nitasema ukweli: kwa dakika chache nilimwonea mama aibu, mwanamke mzima amekaa matopeni akipigia ardhi ubao. Kisha aibu ikageuka, nikawa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, hata siku ile nyuma ya mlango. Nikaingia kwenye mahindi na viatu vyangu vya Jumapili, nikaketi kando yake, nikaokota kijiti.

"Unapiga kama unatengeneza redio," akaniambia kwa sauti ya chini. "Taratibu. Mvua haina haraka."

Tukapiga. Mikono ikaniuma. Kwanza walitoka wale wenye vichwa vikubwa, askari, wakajipanga kwenye ufa mdogo ambao sikuwa nimeuona. Mama hakubadilisha mapigo hata kidogo. Kisha wakaja wenyewe, mmoja, watatu, halafu kama maji ya mfereji, wakipanda fito na kuanguka kwenye sufuria kwa sauti ya mvua kwenye majani. Ufa ukafunguka mwingine, na mwingine. Tulikuwa tumekaa katikati kabisa ya kichuguu ambacho hakijawahi kuwako.

Watu walikuja mbio. Nyinyi mnaotoka upande wetu mnajua utamu wa kumbikumbi, na hata wenyeji wa huko wanawapenda. Naibu wa chifu aliteka kwa kofia yake. Wazee waliosema magoti yanawauma waliinama vizuri tu. Na mwenye buti naye akainama, akajaza kiganja, akapuliza mbawa, akatia kinywani. Nilimwona. Ubawa mmoja ulibaki umemganda mdomoni wakati anasema, "Hii si ushahidi. Mdudu inatembea huko chini. Inaweza kutokea popote."

Naibu wa chifu akapangusa midomo yake akakubaliana naye. Mdudu si jiwe la mpaka. Cheti cha ardhi kiko kwa jina la marehemu mzee. Aletwe mpima ardhi, ifunguliwe kesi ya urithi, na hayo yatachukua muda. Alisema hayo yote huku anatafuna.

Ndipo yule bibi wa mzee alipogonga fimbo chini.

"Shamba mimi sijui, ni mambo ya wanaume na karatasi. Lakini kichuguu ni chake. Nimemwona akikipiga, nimekula sahani yake. Na nyinyi wote mmekula saa hii. Huwezi kula kumbikumbi ya mtu halafu useme hana kichuguu."

"Mama," mwanawe akasema.

"Futa mdomo."

Watu wakacheka, na katika kicheko hicho jambo likaamuliwa. Naibu wa chifu akaandika kwamba kichuguu ni cha mama yangu, na kwamba ana haki ya njia ya miguu kukifikia, na asizuiwe. Habari ya shamba itangojea. Akasoma kwa sauti, akatoa kidau cha wino.

Nikamshika mama mkono. "Usiweke kidole. Wanakupa wadudu na kubaki na shamba. Hata mbega amepewa zaidi."

"Nisipoweka, mwaka ujao ni vyumba vya wanafunzi," akasema. "Nikiweka, atajenga wapi? Juu ya kichuguu cha mtu? Na nina njia inapita katikati." Akaweka kidole, akakipangusa kwenye leso.

Vyumba havikujengwa. Yule mtu wa Elgon View alipoona ile karatasi alipeleka vyumba vyake kwingine. Mpima ardhi hajaja mpaka leo. Naibu wa chifu husema mikutanoni kwamba katika eneo lake watu walipatana, na hutoa mfano wa mama mmoja na jirani yake, na watu hupiga makofi. Mimi sijapatana na mtu. Kila Aprili mama anavuka mahindi yaliyopandwa kwenye shamba lake, kwa ruhusa ya maandishi, anaketi mahali pa ukubwa wa mkeka, na wapita njia humtazama na kuiita hiyo amani.

Mwaka huu magoti ya mama yalikataa, nikaenda peke yangu. Nilikuwa nimepiga kama saa moja, yule mwenye buti akatoka nyumbani kwake akaja kusimama kwenye mstari wa mahindi.

"Mama yako hakuja?"

"Nimekuja mimi."

"Bado tu mnakuja," akasema. Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu aliyechoka. "Mpaka lini?"

"Umeita mpima ardhi?"

Aliangalia buti zake, akarudi nyumbani kwake. Niliendelea kupiga mpaka jua likaingia nyuma ya msitu. Kumbikumbi hawakutoka siku hiyo, ardhi ilikuwa bado kavu. Kesho yake nilirudi.